Mrija Unatolewa Saa Ngapi?

Ndugu zangu, nimeombwa niwaeleze sisi wahudumu tulivyoupokea mpango wa kuharakisha nafuu kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo. Niseme mapema: tuliupokea kwa mguno.

Mpango huu haukuanzia kwenye moyo. Chimbuko lake ni kazi ya daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark, miaka ya 1990, kwa wagonjwa wa utumbo mpana. Mwongozo wa moyo ulikuja kuchapishwa 2019. Muda wote huo sisi wa kifuani tulikuwa na kisingizio chetu: moyo si utumbo.

Kwanza kilitukwaza kinywaji. Mgonjwa tuliyezoea kumfungisha tangu usiku wa manane, sasa anaruhusiwa maji hadi masaa mawili kabla ya dawa ya usingizi. Muuguzi mmoja mkongwe alipoambiwa ampe mgonjwa gilasi asubuhi ya upasuaji, aliishika kama ameshikishwa sumu. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa.

Lakini palipotutesa ni usiku, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Mwongozo unataka mrija wa kupumulia utolewe ndani ya masaa sita baada ya upasuaji. Hebu pigeni hesabu. Mgonjwa akiletwa saa mbili usiku, muda unaisha saa nane usiku. Hapo yupo nani? Muuguzi wa zamu na daktari kijana. Mgonjwa ameamka, ukimwambia afumbate mkono anafumbata, damu kwenye mirija ya kifuani imepungua, vipimo vya hewa vizuri. Nasi tunamwongezea dawa alale mpaka wakubwa wapite asubuhi! Tulikuwa tunajilinda sisi, si yeye.

Semina hazikutusaidia sana. Kilichotusaidia ni karatasi moja kando ya kitanda, yenye vigezo na saini ya daktari wa usingizi: vikitimia, muuguzi aanze kupunguza msaada wa mashine ya kupumulia, ampigie daktari simu. Na wakubwa wakajifunza kupokea simu ya usiku bila kufoka. Hilo lilichukua miezi.

Kazi nayo iliongezeka, tusidanganyane. Kumketisha kitini mtu aliyepasuliwa kidari jana, mirija ikining'inia, kunataka watu wawili, na sisi hatukuongezewa hata mmoja.

Yule wa kwanza tuliyemtoa mrija usiku alikohoa, akashika kifua, akauliza kwa sauti iliyokauka ni saa ngapi. Nikamwambia: saa nane na robo. Akaomba maji.