Protini Ikizidi, Usiseme Inafanya Kazi

Mabibi na mabwana, asanteni. Orodha ya jeni zinazoharibika katika saratani ya kinywa sitawasomea. Ni ndefu, na saa hii ya baada ya chakula mtasinzia kabla sijafika nusu. Nitakaa zaidi na protini moja, p53, mlinzi anayeizuia seli isigeuke saratani, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wanafunzi mbele ya hadubini.

Chukueni mla tambuu wa miaka mingi: popoo, chokaa na tumbaku, vyote shavu lilelile. Panatokea doa jeupe lisilofutika. Tunakata kinyama, tunakitia dawa inayoionyesha p53 kwa rangi ya kahawia. Utando wenye afya huonyesha seli chache tu za safu ya chini, tena hafifu. Hapa viini vya seli vimekolea, na rangi imepanda safu hadi safu. Mwanafunzi anachangamka: mlinzi kaongezeka!

Hata kidogo. P53 nzima huishi dakika chache tu, maana yenyewe huiwasha jeni ya MDM2, na MDM2 ndiyo huipeleka ikavunjwe. Jeni ya p53 ikiharibika, protini inayotoka haiwezi tena kuiwasha MDM2, basi inarundikana bila kazi. Kuna na uharibifu unaoikatiza protini njiani. Hapo rangi huioni hata chembe, na hali ni mbaya vilevile.

P16, protini nyingine inayozuia seli kugawanyika ovyo, nayo ina vituko vyake. Katika saratani ya kinywa itokanayo na tumbaku hupotea mapema, kipande cha kromosomu ya 9 kinapodondoka. Kwenye tonsili zenye kirusi cha HPV hujaa tele, kwani kirusi kimeivuruga Rb, protini iliyokuwa ikiizuia p16 isizidi. Ukiniambia "p16 imepanda" bila kusema kinyama kimetoka wapi, hujaniambia kitu.

Saratani inapoanza kupenya, E-kadherini inayoshikanisha seli hupungua ukingoni mwa uvimbe, na vimeng'enya vya MMP hula utando wa msingi ulio chini ya seli hizo. Hayo mtayakuta vitabuni.

Mwaka 1953 daktari Slaughter na wenzake walionyesha kuwa hata utando unaouzunguka uvimbe, ambao kwa macho hauna kasoro, umeshabadilika. Siku hizi p53 mbovu hukutwa humo humo, nje ya pale kisu kilipopita. Ndiyo sababu mgonjwa aliyekwisha kukatwa uvimbe huitwa tena na tena kliniki, akafunuliwa shavu na kuinuliwa ulimi, ingawa kidonda kimepona zamani.