Ghala Lililoko Chini ya Tope

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, tulieni. Najua leo bamvua, maji yanakupwa saa tano, na nusu yenu mtatoroka.

Narudia yale yale: majani ya bahari si mwani. Mwani hauna mizizi wala maua. Haya yana mizizi, maua na mbegu. Mwani tunauza, haya tunayafyeka tupate pa kupigia vigingi vya mwani!

Siku moja pale Mikindani nilikuwa nagongomea bomba la plastiki kwenye tope, kwa nyundo. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kombe akaweka ndoo chini. "Mjukuu wangu, unachimba kisima chumvini?" Nikamwambia natafuta hewa. Alicheka mpaka akashika kiuno. Nikalichomoa, nikausukuma udongo nje. Juu kahawia, umejaa vijizizi. Chini mweusi tii, unanuka yai viza. Bibi akaziba pua kwa kanga.

Harufu ile ndiyo somo lenyewe. Kule chini hakuna oksijeni, na bila oksijeni bakteria wanaozesha kwa uvivu. Jani linavuta kaboni, ile hewa ukaa, iliyoyeyuka majini. Jua likiwa kali utaona viputo vya oksijeni vimeligandia. Jani likifa, sehemu inaliwa, sehemu inakwenda na mkondo, ila mizizi inabaki palepale. Tena majani yanapunguza kasi ya maji, na taka laini za mbali zinatua hapo hapo. Tabaka juu ya tabaka, karne kwa karne.

"Kumbe ghala," bibi akasema. Mimi nilisoma miaka mingapi kulipata neno hilo?

Utaniuliza, mikoko je? Naiheshimu. Lakini mikoko inaonekana, kila mtu anaipanda na kupigwa picha. Majani haya hayafuniki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, na hukadiriwa kuzika karibu asilimia 10 ya kaboni inayozikwa baharini kila mwaka. Nani amepigwa picha nayo?

Mwingine atasema, "Mwalimu, kaboni hailiwi." Sawa. Tasi je, humli? Anakula wapi?

Kokoro, ule wavu wa kukokotwa, limepigwa marufuku, sihitaji kueleza. Likipita linang'oa mizizi, tope linatibuka, oksijeni inaingia, wale bakteria wavivu wanaamka. Nilitaka kusema mengi, ila naonyeshwa saa.

Bomba liko mezani. Njooni mnuse.