Baka Linalokwaruza: Mazungumzo na Wazazi na Walimu, Kisumu

Wazazi, walimu, nanyi wanangu mlioketi mbele, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino. Naomba tukae zaidi na kile kinachoitangulia, maana hapo ndipo tuna nguvu kubwa ya kuizuia.

Mstari wa ikweta unapita Maseno, si mbali na hapa, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua hili ni kali mwaka mzima, na mawingu hayazuii miale yake yote. Mtoto aliyezaliwa na melanini kidogo, yaani rangi ya asili inayoikinga ngozi na jua, hana ngao ya kutosha. Ndiyo sababu saratani ya seli za skwamasi, yaani seli bapa za tabaka la juu la ngozi, inaweza kumpata angali kijana wa miaka ya ishirini.

Mara nyingi baka hutangulia. Msilitafute kwa macho tu. Pitisha kidole polepole juu ya sikio, pua, mdomo wa chini, kisogo na mgongo wa kiganja. Utafika mahali pakavu panapokwaruza kama msasa, hata kama rangi haijabadilika sana. Ukibandua gamba, linarudi palepale. Hiyo ni keratosi ya jua. Si kila moja hugeuka saratani, na mengine hupotea yenyewe, ila hakuna anayeweza kulitazama na kusema hili litageuka, hili halitageuka. Kwa hiyo tunayatibu.

Dawa ipo. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 624 wenye mabaka haya kichwani waligawiwa tiba nne. Krimu ya fluorourasili ilizishinda zote: mwaka mmoja baadaye, karibu robo tatu ya walioipaka walikuwa wamepoteza angalau robo tatu ya mabaka yao. Kule Marekani, wanajeshi wastaafu 932 walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2018. Waliopaka krimu hiyo usoni na masikioni kwa wiki mbili hadi nne walipungukiwa na saratani za skwamasi za kufanyiwa upasuaji kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza. Kinga hiyo ilififia baadaye, kwa hiyo kliniki si ya kwenda mara moja.

Najua mzazi atauliza: hao si wazungu? Wengi wao, ndiyo. Lakini dawa hiyohiyo, kwa matone, Dkt. Stephen Gichuhi na wenzake waliijaribu hapa Kenya kwa watu 98 waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa seli za skwamasi juu ya jicho. Uvimbe ulirudi kwa takriban 11 katika kila 100 waliopewa dawa, dhidi ya 36 kwa wasiopewa. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016.

Sasa nisikilizeni vizuri. Krimu hii huchoma. Baada ya siku kadhaa ngozi huwa nyekundu, huvimba, hutoa maganda, na uso hutisha. Mama anaona mtoto ameharibika, anaitupa. Mama yangu, hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Rudi kwa aliyekupa, mtazame pamoja kama ni ya kupumzisha kidogo. Mjamzito asiitumie kabisa. Na kidonda kisichopona kwa mwezi, au kinyama kinachokua na kutoa damu, si cha krimu ya kujipakia nyumbani: kipande kikatwe kipimwe maabara.

Mafuta ya kukinga jua yanasaidia. Huko Nambour, Australia, waliopewa ya kupaka kila siku, kuanzia 1992, walipata saratani za skwamasi pungufu kwa karibu asilimia 40. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa mafuta haya bure kwa waliosajiliwa; jisajilini.

Walimu, kofia pana na mikono mirefu viwe sehemu ya sare ya mtoto huyu. Kumvua kofia kwenye gwaride ni kumdhuru. Mchezo wa saa sita mchana uhamishiwe jioni.

Aliye na baka asiondoke. Nina taa na muda wa kutosha. Tuanze na masikio ya hawa watoto.