Akiba ya Uzeeni kwa Aliyejiajiri: Nani Hasa Hupunguziwa Ushuru?

WANJIRU: Wasikilizaji, karibuni. Mwenzangu Bwana Omari yupo nami hapa Nairobi, na leo tunazungumzia afueni ya ushuru kwa mtu aliyejiajiri anayejiwekea pensheni. Bwana Omari, sheria inasemaje?

OMARI: Asante, Bi. Wanjiru. Kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, kiwango cha juu cha mchango unaoondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Hata hivyo, kinachoondolewa ni kiasi kilicho kidogo zaidi kati ya vitatu: mchango uliolipa, asilimia 30 ya mapato yako, na hizo 360,000. Mchango wa NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, nao huhesabiwa humo humo.

WANJIRU: Mapato yapi, ilhali aliyejiajiri hana hati ya mshahara?

OMARI: Ni faida ya biashara yake, baada ya kuondoa gharama. Tuseme mchoraji wa ramani za nyumba mwenye ofisi Ngara amepata faida ya shilingi 800,000 kwa mwaka, akachangia 300,000. Asilimia 30 ya faida hiyo ni 240,000, kwa hiyo 60,000 zinazosalia za mchango wake hazimpi afueni yoyote. Kwa kuwa zile 240,000 zinatoka kwenye sehemu ya mapato yake inayotozwa ushuru wa asilimia 30, ushuru wake unapungua kwa shilingi 72,000.

WANJIRU: Hizo si haba. Je, akiweka fedha hizo kwenye chama au Sacco?

OMARI: Hazihesabiwi. Ni lazima uwe mfuko wa pensheni uliosajiliwa, na ni vyema kuomba uthibitisho wa usajili huo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

WANJIRU: Sasa tumfikirie muuza mitumba wa Gikomba.

OMARI: Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa kawaida hulipa ushuru wa mauzo, ambao hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama wala mchango wa pensheni. Anaweza kujinyima kila jioni, akatuma akiba yake kwa simu kabla ya kufunga kibanda, na bado ushuru wake usipungue hata senti. Mshauri wa kitaalamu, ambaye ada zake haziingii katika ushuru huo, hupata afueni kamili. Tunawahimiza watu wa jua kali wajiwekee akiba, kisha tunawanyima kivutio tunachowapa wenye ofisi.

WANJIRU: Nakubaliana nawe kabisa. Hana njia nyingine?

OMARI: Anayo. Anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, akiomba kutoka kwenye ushuru wa mauzo ili atozwe ushuru wa mapato wa kawaida. Ila atahitaji vitabu vya hesabu vilivyo sawa, na ajue kwamba gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida hukataliwa. Mwenye faida nyembamba, anayenunua bidhaa kwa wasambazaji wanaotoa ankara hizo, huenda akanufaika. Anayenunua marobota kwa pesa taslimu bila karatasi yoyote anaweza kujikuta akitozwa zaidi, kwa hiyo apige hesabu kwanza.

WANJIRU: Na wakati wa kuchukua pensheni?

OMARI: Mafao yanayolipwa mwanachama anapofikia umri wa kustaafu hayatozwi ushuru sasa. Anayetoa mapema, kabla ya miaka 20 ya uanachama, kwa kawaida hutozwa, isipokuwa kama anastaafu kwa sababu ya maradhi.

WANJIRU: Kuna msikilizaji anayepanga kuchangia wakati wa kujaza marejesho ya ushuru mwezi Juni. Amechelewa?

OMARI: Kwa mwaka uliopita, ndiyo. Tarehe 30 Juni ni mwisho wa kuwasilisha marejesho, lakini mwaka wa mapato hufungwa tarehe 31 Desemba. Mchango wa mwezi Juni utahesabiwa katika marejesho atakayojaza mwaka ujao, na atunze taarifa ya mfuko wake hadi wakati huo.

WANJIRU: Asante sana, Bwana Omari.