Mipaka Ipo, na Waliovunja Rekodi Ndio Wanaoijua

Ndugu viongozi wa vikundi vya jogging, walimu wa michezo na wanamichezo wenzangu,

Nitaanza na jambo linaloniudhi, na wanaonifahamu wanajua kwamba nimelisema mahali pengi. Tangu Oktoba 2019, Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya, alipokimbia kilomita 42 na mita 195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kauli yake kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka imechapishwa kwenye fulana na mabango, ikawa ndiyo mtaji wa kila mhamasishaji mwenye kipaza sauti. Wanaoitamka huitamka kana kwamba Kipchoge aliamka asubuhi hiyo, akaamini, akakimbia. Ninamheshimu mtu yule kuliko ninavyoweza kueleza, na kwa heshima hiyohiyo nasema kwamba mipaka ipo. Hakuna aijuaye kuliko mvunja rekodi, maana yeye ameifikia kwa miguu yake, akaipima kwa sekunde, kisha akaisogeza kwa kiasi kidogo mno baada ya kazi ya miaka. Sisi watu wa kawaida, tunaorudi kutoka kazini na kuvaa raba saa kumi na mbili jioni, hatuhitaji kuambiwa kwamba mpaka haupo. Tunahitaji kuonyeshwa unavyosogezwa.

Tazameni hesabu yenyewe. Mei 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia, Kipchoge alijaribu kwa mara ya kwanza kushuka chini ya saa mbili, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Ikapita zaidi ya miaka miwili ndipo akaenda Vienna, na huko alipunguza sekunde 45. Zigawanyeni sekunde hizo kwa kilomita 42, mtapata sekunde moja na kidogo kwa kila kilomita. Mkimbiaji bora wa marathoni wa zama zake, mwenye kocha kama Patrick Sang, katika kambi ya Kaptagat, Kenya, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alihitaji miaka miwili na miezi mitano ili apate sekunde moja kwa kilomita. Halafu ananijia kijana aliyeanza kukimbia mwezi uliopita, ananiambia anataka apunguze nusu saa nzima kabla ya mbio za Moshi kwa sababu ameambiwa hana mipaka!

Na Kipchoge hakuzipata sekunde hizo peke yake. Waongoza kasi walioandaliwa Vienna walikuwa 41, wakipokezana, baadhi yao wakiwa mabingwa wenye medali zao, na kazi yao siku ile ilikuwa kumkinga mwenzao na upepo na kumlinda asipoteze mwendo. Mwendo huo ulikuwa mita 100 kwa sekunde 17, zikirudiwa mara zaidi ya 420. Najua kuna anayetaka kunikatiza aniambie kwamba kwa sababu ya mpangilio huo muda wa Vienna haukuidhinishwa kuwa rekodi ya dunia. Ni kweli, haukuidhinishwa, na kanuni za riadha zina sababu zake. Lakini anayeleta hoja hiyo hufikiri amepunguza thamani ya tukio, kumbe ametaja funzo lake kubwa kuliko yote, kwamba mpaka ule ulisogezwa na kundi.

Kama Vienna haiwatoshi, nendeni Christchurch, New Zealand. Hapa mtanivumilia, kwa sababu mfano huu siwezi kuufupisha.

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wetu wa Karatu, Tanzania, Filbert Bayi, mwenye umri wa miaka 20, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500. Mbio hizo katika mashindano makubwa mara nyingi huwa mbio za kuviziana: watu hukimbia wakitazamana, kila mmoja akihifadhi nguvu, kisha hufyatuka katika mzunguko wa mwisho. Bayi alikataa kuvizia. Alikwenda mbele tangu mwanzo, akafungua pengo na kulishikilia mzunguko baada ya mzunguko, huku wenzake nyuma wakisubiri achoke. John Walker, mwenyeji, alikuja kwa kasi katika mita za mwisho, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaifuta rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani ya dakika 3 na sekunde 33.1, iliyokuwa imekaa tangu 1967.

Masimulizi mengi huishia hapo, na mimi ndipo ninapoanzia. Mtazameni aliyekuwa wa pili. Walker alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.52, yaani naye alikuwa chini ya rekodi ya Ryun, katika mbio alizoshindwa! Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, alitumia dakika 3 na sekunde 33.16, akaikaribia kabisa rekodi ileile ya zamani. Siku hiyo mtu mmoja aliamua kwenda mbele, na waliokuwa nyuma yake wakafika mahali ambapo hawakuwa wamewahi kufika. Haikuishia hapo. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti mwaka huohuo Walker akaichukua kwa dakika 3 na sekunde 49.4, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ninaamini kabisa kwamba Walker wa 1975 alivutwa na mgongo wa Bayi aliokuwa ameufukuzia mwaka mmoja kabla.

Sasa huulizwa, na swali ni la haki: kama Bayi aliwavuta wageni, mbona hakutuvuta sisi? Najibu kwamba alituvuta, sana. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1978 huko Edmonton. Moscow, mwaka 1980, Bayi mwenyewe na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za Olimpiki. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Hao hawakuota kama uyoga. Walikuwa kizazi kilichoonana kwa macho, kilichofanya mazoezi pamoja na kushindana nyumbani kabla ya kushindana ughaibuni. Michezo shuleni ilipodorora na vikundi vile kutawanyika, muda wa Bayi ulibaki kuwa tarakimu ya kujibia maswali ya chemshabongo. Rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Birmingham 2022, na katika miaka yote hiyo tulikuwa tukiitaja kwa fahari bila kumwonyesha mtoto hata mmoja njia ya kuifikia. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu wa kawaida havutwi na tarakimu. Huvutwa na mtu aliye hatua chache mbele yake, anayeonekana, ambaye hata pumzi zake zinasikika.

Na sisi tulikuwa na chombo cha namna hiyo: mchakamchaka. Waliosoma shule za msingi za nchi hii wanakumbuka kukimbia alfajiri kwa mstari, wakiimba. Wengi huuona kama adhabu ya kitoto, lakini kitaalamu ni mafunzo sahihi ya mwanzo. Mtu anayeweza kuimba akiwa anakimbia yupo katika mwendo mwepesi, ule unaouimarisha moyo na kuongeza vishipa vidogo vya damu katika misuli bila kuuvunja mwili. Wakimbiaji wa Kaptagat nao hutumia sehemu kubwa ya kilomita zao katika mwendo mwepesi, na Kipchoge amekuwa akieleza kwamba mazoezini hatumii nguvu zake zote. Anayeanza leo hufanya kinyume: huona rekodi kwenye simu, damu humchemka, akakimbia kila siku kwa kasi yote aliyo nayo. Moyo na mapafu huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchelewa, kwa hiyo wakati anapojiona ameiva ndipo anapoumia mguu na kuacha kabisa. Wako wengi, na baadhi yenu mmewapoteza katika vikundi vyenu kwa njia hiyo.

Kuna atakayenitajia John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, na bado akamaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ninamwinamia kwa heshima. Lakini aliyafanya yale akiwa mkimbiaji aliyeandaliwa, akiliwakilisha taifa. Mwenye goti bovu katika mbio za Jumamosi na asimame, afunge barafu, aende akapimwe. Ushujaa wa Akhwari usigeuzwe kuwa agizo la kuwalemaza watu.

Muda unanikimbia, kwa hiyo mengine nitayagusa tu. Kuhusu wanawake, nilitaka kumzungumzia Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, kwa kirefu, nitasema moja. Juni 2025, mjini Paris, alijaribu kukimbia maili chini ya dakika 4 mbele ya dunia nzima, akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na kidogo. Siku tisa baadaye, huko Eugene, Marekani, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Mama huyu alirudi baada ya kujifungua akawa bora kuliko awali. Wapelekeeni habari hii akina mama wanaodhani kwamba jogging si yao. Kuhusu dawa zilizokatazwa, ndiyo, zimeharibu majina mengi katika ukanda wetu, na mwanamichezo akifungiwa waambieni vijana wazi, msimfiche. Njia ninayoieleza haina nafasi ya dawa, kwa kuwa ni njia ya sekunde moja kwa kilomita.

Na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, kisha akasubiri miaka minane. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Huyu yu hai, yupo nchini, na anafanya mazoezi katika barabara tunazozijua. Tusimgeuze tarakimu.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwa kila kikundi kilichopo hapa. Mkimbiaji wenu hodari apewe kazi ya kukimbia na kundi la nyuma, si la mbele, angalau asubuhi moja kila wiki, na kwa mwendo ambao wa mwisho anaweza kuimba. Na muda wa kila mwanakikundi uandikwe kwenye daftari, kama Kipchoge anavyoandika mazoezi yake tangu ujana wake, ili kila mmoja ashindane na ukurasa wake wa mwezi uliopita. Maswali nitayapokea sasa, nikianza na walimu wa shule za msingi.