Hadithi za Mtondogoo

Walimu wangu, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama hadi nje ya mlango, asalamu aleikum na habari za jioni.

Nianze kwa kuhesabu nanyi. Leo. Kesho. Keshokutwa. Baada ya hapo? Mtondo, naam. Na baada ya mtondo? Kuna mzee pale nyuma amejibu: mtondogoo. Ahsante, mzee wangu. Vijana wengi humu hawajawahi kulisikia neno hilo, nami linaniuma, maana hadithi nilizokuja kuzungumzia zinaishi hapo hasa. Siongelei miaka elfu ijayo wala vita vya nyota. Naongelea siku ambayo hujaifikia lakini unaihesabu kwa vidole, na nguo utakayoivaa siku hiyo pengine sasa hivi imeanikwa kambani.

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una sehemu mbili kubwa, akaziita kwa maneno yetu wenyewe: sasa na zamani. Wakati ujao, alisema, haufiki mbali. Miezi sita, au miaka miwili kwa wingi. Wanafalsafa wamembishia sana. Mimi namkubalia nusu: hata akiwa sahihi, ukaribu huo si upungufu. Kwa hadithi fupi yenye ajabu ndani yake, ukaribu ndio nguvu.

Fikirini mwaka 2005 mwandishi angeleta hadithi hii: mama yuko kijijini Kitui, simu yake ya vitufe inalia, pesa za mwanawe zimeingia humo kutoka Nairobi. Anakwenda kwenye kibanda cha jirani, anabonyeza namba ya siri, anahesabiwa noti. Benki haimo. Mhariri angesema haya ni mazingaombwe. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007.

Lakini simu si hadithi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaeleza chombo kurasa tatu, tunamsahau mama. Hadithi ni kwamba mwana aliyekuwa akileta pesa kwa mkono wake kila mwisho wa mwezi haji tena nyumbani, kwa kuwa pesa zimejifunza kuja peke yake. Badilisha jambo moja tu duniani, mengine yote yaache yalivyo, kisha keti uone nani anaumia.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, *Pumzi*, inavuka mtondogoo kwa mbali, ila inashika kwa njia hiyohiyo. Watu wake wanachuja jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa. Aliyewahi kupanga foleni na madumu hahitaji kufafanuliwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Roboti *imekaa* au roboti *amekaa*? Huwezi kukwepa. Kiswahili kinakudai jibu kwenye kitenzi cha kwanza. Tazameni kiboko. Nikisema kiboko kimekatika, mmeuona mjeledi. Nikisema kiboko amezama, mmemwona mnyama, na maji juu yake. Neno ni lilelile. Uhai umo kwenye kiambishi. Mwandishi anayeandika kuhusu mashine zinazosema, kwa lugha hii, amepewa kisu kikali kuliko anavyojua, na inanisikitisha tukikiacha kwenye ala.

Nina hadithi ninayoiandika. Zahanati ya mtaani. Dirishani pamewekwa mashine ya kuandikisha wagonjwa, ina sauti ya binti. Mengine ni yaleyale: benchi, feni mbovu, foleni ya tangu alfajiri. Bibi mmoja anaketi mbele yake. Mashine inamuuliza jina. Bibi kimya. Inauliza tena. Kimya. Anasubiri shikamoo.

Nilikwama hapo wiki tatu. Ikiamkia kwa sababu imefundishwa, bibi ataitika marahaba? Na sisi je, watoto tuliofundishwa kwa kukanywa na kufinywa, tuliamkia kwa sababu gani nyingine? Ukurasa mzima niliandika *ikasema, ikauliza, ikangoja*. Juzi nikamwacha muuguzi anong'one kitu kwenye mashine, ikaanza, “Shika...,” na umeme ukakatika. Muuguzi akasema, “Imezima.” Bibi akaweka kiganja juu ya kioo, kama unavyompima mtoto homa.

“Amelala,” akasema. “Mwacheni kidogo.”

Sikuwa nimelipanga neno lile. Tangu usiku huo kila kitenzi cha ukurasa wa kwanza kinanidai nikirudie, nami sijui bado vitenzi vipi nitavibadilisha na vipi nitaviacha. Nimekuja na kurasa mbili zinazofuata. Mkiniruhusu, nitawasomea. Naanzia pale umeme unaporudi.