Utando wa muhogo na mafuta ya karafuu

Ndugu zangu, hiki nilichoshika mkononi kinang'aa kama nailoni, lakini juzi kilikuwa uji. Ni wanga wa muhogo, maji, na gliserini ileile tunayojipaka mikononi. Unaupika taratibu, ukikaribia nyuzi 70 ule weupe wa maziwa unapotea, uji unakuwa mwangavu na mzito, unanata kwenye mwiko. Unaumimina kwenye sinia, unautandaza, unaacha ukauke. Ukisahau gliserini, utabandua vipande vipande kama ganda la yai.

Mpaka hapo tuna kifungashio cha kuzuia vumbi tu. Kazi hasa, ya kukinga chakula kisioze, inaanza kabla ya kumimina, tunapotia mafuta ya karafuu na kuyapiga kwa nguvu, maana yakijitenga utando wote unatoka jasho la mafuta. Nyinyi mliotoka Pemba mnaijua nguvu yake. Ndani yake mna yujenoli, ile inayotuliza jino. Inashambulia ngozi laini ya bakteria na kuvu, inaitoboa, vya ndani vinavuja. Utando unaiachia kidogo kidogo, na mvuke wake unafika hata pale utando usipogusa chakula.

Wengine hutumia maganda ya kamba wa baharini. Yakitolewa chokaa kwa asidi, kisha yakapikwa kwenye kostiki soda, hutoa kitosani, kitu kinachoyeyuka ndani ya siki. Kitosani ina chaji chanya, ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Vikikutana vinang'ang'aniana, na bakteria ndiye anayeumia. Kostiki soda inachoma ngozi na macho, kwa hiyo hilo msilijaribu jikoni.

Sasa aibu ya utando huu. Wanga na maji ni marafiki wa tangu zamani. Dada mmoja muuza samaki ameniuliza mlangoni kama anaweza kufungia pweza mbichi. La, dada, utalegea na kunata kabla hujafika sokoni. Tukichanganya kitosani au nta ya nyuki unavumilia zaidi, ila kwa pweza bado siuamini. Halafu kuna harufu: mara ya kwanza nilizidisha karafuu, wanangu wakaukataa mkate, wakasema unanuka pilau.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie plastiki ya mahindi, ile PLA. Inaoza, ndiyo, lakini inataka lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 60. Ikiangukia baharini inakaa muda mrefu. Na marufuku ya Tanzania Bara ya Juni 2019 iliondoa rambo, si vifungashio vya vyakula vya viwandani. Pengo letu liko hapo.

Kwenye sinia hili kuna vipande viwili vya mkate mmoja, vilivyokatwa siku moja. Cha kushoto kilikuwa ndani ya nailoni, kimeota manyoya ya kijani pembeni. Cha kulia kilikuwa ndani ya utando. Pitisheni, mnuse cha kulia. Cha kushoto msikisogezee pua.